Kikombe cha Mia na Ishirini na Moja

Rabia hakuwahi kumpa mtu upawa na nusu, isipokuwa siku moja, na siku hiyo tutaifikia. Upawa mmoja ni upawa mmoja, uwe mtoto wa chifu au mtoto wa mlevi. Waliosoma kule Dranya miaka ya sabini watakwambia hivyo hadi leo, wengine kwa heshima, wengine kwa kinyongo cha tumbo. Alikuwa mpishi wa uji katika shule ndogo kando ya njia ya kwenda Koboko, shule ya madarasa manne, nusu paa la bati na nusu la nyasi, kwa sababu mabati yaliisha kabla ya nyumba. Alikuwa mfupi, mikono minene, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba akasikia na jina la baba yake. Watoto walimwita Habuba, yaani bibi, kama Wanubi wanavyosema, na walimwogopa kuliko hedimasta.

Kazi hiyo hakuipata kwa mapishi. Aliipata kwa sufuria. Alizaliwa Koboko mjini, nyuma ya msikiti, katika ukoo wa askari waliotoka Sudani zamani wakasahau kurudi, akaolewa na Sule, mkulima wa Dranya aliyependa vitu vikubwa. Sule alinunua sufuria ya kupikia kikosi kizima kwenye mnada wa kambi, maana alitarajia watoto wengi. Wakapata mmoja, Hamuza. Kisha Sule akafa, Hamuza akaenda jeshini akawa dereva huko Jinja, na ndani ya sufuria wakawa wanalala kuku. Shule ilipoamua kwamba watoto wanywe uji saa nne, wazazi walitoa unga wa muhogo na wa ulezi, wakatoa ukwaju wa kuukoleza, wakakosa chombo. Wakaja kuazima sufuria, na sufuria ikaja na mwenyewe.

Tangu aende jeshini, Hamuza alikuwa mtoto wa karatasi. Barua tatu kwa mwaka, nne akiwa na furaha. Rabia hakujua kusoma. Barua za kwanza alimpelekea Mwalimu Kenyi, hedimasta, mtu mwema lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Alisoma barua asubuhi, na kufikia adhuhuri Dranya nzima ilikuwa inampa Hamuza pole kwa jipu alilopata mahali pa kukalia. Rabia akasema basi. Akangoja hadi mwaka wa 1972, alipokuja Mwalimu Driciru na godoro lake kichwani.

Driciru alitoka upande wa Arua. Alikuwa mrefu, mkavu, mpole, na siri ukimpa zinakaa. Ndiye aliyefundisha darasa la kwanza. Barua ikifika, alikuja jikoni baada ya masomo, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasoma polepole. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Akifika katikati ya barua, kila mara, alishikwa na kikohozi. Si kikubwa, mara mbili tatu, kisha anaendelea. Rabia alilaumu vumbi la chaki. Akawa anachemsha tangawizi kabla hata barua haijafunguliwa.

Jibu lilikuwa lile lile miaka yote. "Andika," Rabia alisema, "mwambie mchumba yake bado nangoja hapa Koboko." Mchumba huyo Rabia alimchagua mwenyewe. Ukweli ni kwamba binti alishachoka kungoja, ameolewa na mfanyabiashara wa Vurra na ananyonyesha mtoto wa pili, lakini Rabia aliona hayo ni mambo madogo. Hamuza akirudi atapatikana mwingine wa kukaa mahali pale. Driciru aliandika, akakohoa kidogo, akafunga bahasha.

Sasa tuje kwenye hesabu ya serikali, ambayo ndiyo iliyoleta fujo yote.

Ofisi ya elimu kule Arua ilitoa walimu kwa hesabu ya watoto. Kila watoto arobaini, mwalimu mmoja na mshahara wake. Nani aliyegundua kwamba watoto arobaini ni mwalimu mmoja, sijui. Pengine hajawahi kukaa na wanne siku ya mvua. Shule ya Dranya ilikuwa na walimu wanne, na kwa hesabu hiyo wa nne alihalalika pale tu anapopatikana mtoto wa mia na ishirini na moja. Wakiwa mia na ishirini kamili, watatu wanatosha, na wa nne anafunga mizigo. Aliyefika mwisho ndiye hutangulia kuondoka. Wa mwisho alikuwa Driciru.

Mnamo Februari 1974 akaja Bwana Adriko, inspekta kutoka Arua, juu ya pikipiki, mwekundu kwa vumbi hadi kope. Hakutaka kuona daftari la mahudhurio. Alisema kuna shule aliyoikuta na daftari safi kabisa, na nusu ya wanafunzi waliomo wameshaoa. Yeye angehesabu watoto wenyewe, wamesimama mstari, kwa kidole.

Hapo ndipo alipokosea, na mtu wa nje asingejua ni wapi. Kule Dranya kuku walihesabiwa. Mbuzi walihesabiwa, na wake pia. Mtoto hahesabiwi. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, atakuonyesha kwa kidevu na kusema, "Ni hawa unaona." Kumnyooshea mtoto kidole, moja, mbili, tatu, ni kama kumsaidia mtu mbaya kuchagua. Habari kwamba inspekta anakuja na kidole ilikuwa imetangulia pikipiki kwa siku mbili. Siku hiyo karibu watoto wote wa Dranya waliugua tumbo. Walifika thelathini na wanne, ambao mama zao hawakusikia, au walisikia lakini mtoto akatoroka kufuata uji.

"Thelathini na ine," akaandika Adriko. "Hii ni mwalimu moja. Na huyo moja mimi nawapa kwa huruma tu."

Kenyi akambembeleza, akamweleza, karibu apige magoti. Adriko, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa fomu, akampa wiki mbili. Akirudi anataka namba. Akaondoka na vumbi lake.

Rabia alibaki na sufuria iliyojaa. Alikuwa ameona na kusikia yote kutoka jikoni, na kilichomchoma si walimu watatu au wanne, maana siasa ya ofisi hakuijua. Kilichomchoma ni kwamba Driciru akiondoka, Hamuza angekuwa bubu. Barua zingekuja, angezikunja chini ya godoro, na mwanawe angekuwa anaongea humo ndani bila kusikiwa. Au angerudi kwa Kenyi na majipu yatangazwe sokoni. Alimwaga uji wa watu themanini kwa nguruwe wa jirani Mkristo, akakaa juu ya kinu, akafikiri. Alipomaliza kufikiri akaenda ofisini bila kubisha hodi.

"Hedimasta. Watoto hapana hesabu. Lakini vikombe iko."

Kenyi akacheka kwanza, kisha akaacha.

Ilikuwa hivi. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake, na vikombe havikurudi nyumbani, kwa sababu vilivyorudi nyumbani vilipotelea njiani. Vilikaa kwenye kichanja nyuma ya jiko. Kulikuwa na makopo ya siagi yaliyotobolewa sikio la waya, vibuyu vilivyokatwa, mabati, plastiki, na kimoja cha kaure chenye picha ya ua kilicholeta ugomvi. Rabia hakujua herufi, lakini vikombe alivijua vyote. Ukimwonyesha kopo lenye alama tatu za msumari atakwambia ni la nani, mama yake ni nani, na kama jana alimaliza. Mtoto asiyekuja, kikombe chake kilibaki kikavu. Aliyekuja, kilikuwa na uji.

Kenyi akapeleka habari kwa wazazi: safari hii inspekta hatahesabu mtoto yeyote, anakuja kukagua vikombe. Akina mama wakaona hilo ni jambo la kawaida, serikali huwa inakagua vitu. Wengine walikuja kuvisugua kwa mchanga ili wasiaibike.

Adriko aliporudi, uji ulikuwa umenywewa na watoto wako darasani wanaimba. Rabia alikuwa amepanga vikombe juu ya kichanja, vichafu, kila kimoja na utando wake wa uji. Inspekta alivitazama akamtazama hedimasta.

"Serikali hapana lipa mshahara ya vikombe."

"Bwana Inspekta," akasema Rabia, mikono kiunoni, "kikombe inaweza kunywa uji yenyewe?"

"Hapana."

"Hii yote imelambwa leo. Nani ililamba?"

Adriko akavua miwani akaifuta. Kuna mtu huwezi kujua anafikiri nini hadi aongee, na yeye alikuwa hivyo. "Mama yangu kule Ombaci iko sawa na hawa wamama yenu," akasema mwishowe. "Watu yote nauliza mama, umezaa wangapi. Na sisi nyumbani tulikuwa..." Kenyi na Rabia wakamngoja aseme walikuwa wangapi. Hakusema. Alivaa miwani, akachukua kalamu, akaanza upande wa kushoto, akigusa kila kikombe kwa ncha ya kalamu.

Alihesabu taratibu, na Kenyi nyuma yake alihesabu kwa midomo, hata alipofika mia na kumi midomo ilikuwa imekauka. Mia na kumi na nane. Mia na kumi na tisa. Mia na ishirini. Kalamu ikagusa kikombe cha mwisho, pembeni kabisa. Mia na ishirini na moja. Adriko akaandika, akapiga mstari chini, akaomba na yeye apewe upawa mmoja. Akapewa mmoja, katika kata ya kibuyu iliyowekewa wageni, na ndipo akaondoka. Driciru aliyekuwa akichungulia dirishani akarudi ubaoni akaandika herufi moja mara nne bila kujua.

Rabia akaanza kuosha. Ilikuwa desturi yake kuosha kwa majina. Anashika kikombe, anamtaja mwenye nacho, anakisafisha. Huyu Lado. Huyu Yugu. Huyu binti wa fundi baiskeli. Alikuwa anaimba kidogo, maana moyo ulikuwa mwepesi. Akafika mwisho, akashika kile cha pembeni, cha bati la kijani, kilichokatika mkono, na wimbo ukakatika.

Kilikuwa chake. Alikuwa ameonja uji asubuhi kama kila siku, akakiweka pale na vingine kama kila siku.

Mtu mwingine angekisuuza akaendelea. Rabia hakuwa mtu mwingine. Mtu ambaye kwa miaka yote hakutoa upawa na nusu hawezi kulala na kikombe kizima cha uongo. Akaenda tena ofisini, mikono inachuruzika maji.

"Hedimasta, inspekta imehesabu kikombe yangu."

Kenyi akafunga mlango. "Mama Hamuza, wewe nyamaza tu. Inspekta iko na namba yake, sisi iko na mwalimu yetu. Nani iko na shida?"

"Mimi iko na shida."

"Shida gani?"

"Mimi si mtoto ya shule."

Kenyi alibishana naye nusu saa nzima. Alimkumbusha habari ya Driciru, alimkumbusha barua za Hamuza, alimkumbusha kwamba serikali yenyewe hudanganya. Rabia alijibu kwamba Ijumaa kuna lori la muhogo linalokwenda Arua, na yeye atapanda aende amwambie inspekta. Kenyi akamwita Driciru amsaidie. Driciru alisikiliza, lakini hakubembeleza. Alisema tu, "Habuba iko na haki," akatoka kwenda nyumbani kwake. Walipomwona tena alikuwa amelianika godoro juani, kama mtu anayejiandaa kulifunga.

Godoro hilo lilimuumiza Rabia vibaya. Alipita mbele yake mara tatu siku ile, kila mara akijifanya anatafuta kuni. Angeweza kusema uongo mdogo na kubaki na mwalimu, au kusema kweli na kumpoteza, na yeye hakutaka hata kimoja. Alikuwa mkaidi kiasi cha kuamini kwamba lazima kuna cha tatu. Jumatano asubuhi, kabla ya kengele, alimkuta Kenyi akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo.

"Kikombe yangu imeshaingia shule," akamwambia. "Mimi nimebaki nje. Basi mimi naingia nyuma yake."

Kenyi alijikata kidogo. Kisha akaenda kutafuta waraka wa ofisi. Waraka ulisema waandikishwe watoto kuanzia miaka sita. Waliusoma mara mbili, wakageuza nyuma ya karatasi kutafuta mahali panaposema mwisho ni miaka mingapi. Hapakuwapo.

"Kuanzia sita," akasema Rabia. "Sita mimi nilipita zamani." Alikuwa na hamsini na mbili, au karibu.

Kwa hiyo jina la Rabia binti Medina likaandikwa katika daftari la darasa la kwanza, chini ya jina la mtoto aliyekuwa na jino moja la mbele, na mia na ishirini na moja ikawa kweli, siku chache baada ya kuandikwa. Driciru akalirudisha godoro ndani.

Nisikudanganye kwamba alikuwa mwanafunzi mwema. Alikaa nyuma juu ya kinu chake, maana benchi halikumtosha, na aliongea. Mtoto akikosea, yeye alimkosoa kabla ya mwalimu. Mwenyewe akikosea, alisema chaki ni mbaya. Kiranja wa darasa, Candiru, mtoto wa miaka saba mwenye roho ya polisi, alimwandika katika orodha ya wapiga kelele wiki tatu mfululizo. Saa nne kasorobo alinyoosha kidole kuomba ruhusa, akaenda kuchochea moto, na saa nne aliwapimia wanafunzi wenzake upawa mmoja mmoja kwa uso wa mtu asiyewajua. Candiru alijaribu siku moja kumwambia kwamba wao ni darasa moja. Alipata upawa mmoja.

Lakini hakukosa siku hata moja. Mvua, mavuno, Ramadhani, alikuwa pale. Driciru alifundisha kusoma kwa Kiswahili, kwa kuwa darasani walichanganyika Wakakwa, Wanubi na watoto wa wafanyabiashara kutoka Kongo, na Kiswahili ndicho walichokutania. Herufi zilimwingia Rabia kama vikombe. Kila moja aliipa mtu wake. Hii yenye tumbo ni mke wa fundi. Hii yenye fimbo ni mzee Lemi. Mwisho wa mwaka alisoma ubao mzima, akaupitia mara mbili, akatoka nje akalia kidogo nyuma ya kichanja, akarudi akasema ni moshi.

Barua za Hamuza, hata hivyo, zilimshinda. Hamuza aliandika herufi zilizoshikana, mwandiko wa dereva, unaopinda kila mahali. Rabia alimwomba Driciru amfundishe mwandiko huo.

"Hiyo ya kuunganisha ni darasa la tatu, Habuba," Driciru alimjibu. "Bado."

"Hata kidogo tu?"

"Bado." Akakohoa, akapewa tangawizi.

Mwaka wa 1975 watoto walikuwa wengi na hesabu haikusumbua. Mwaka wa 1976 ikasumbua. Familia moja ilihamia Koboko mjini na nyingine ikarudi Kongo, na shule ilipofungua Februari, vikombe vyenye uji vilikuwa mia na kumi na tisa, pamoja na kile cha kijani. Inspekta angekuja mwishoni mwa Machi. Wawili walipungua. Kenyi alipita nyumba kwa nyumba hadi viatu vikafunguka, na kila mtoto mwenye miguu alikuwa ameshaandikishwa. Rabia aliona godoro la Driciru limeanikwa tena, na safari hii hakuwa na kikombe kingine cha kuingia nyuma yake.

Siku hizo Rabia alikuwa ameingia darasa la tatu. Darasa la tatu lilifundishwa na Kenyi mwenyewe, na Kenyi, ambaye hakuwa na siri wala hakuzijua za wengine, alianza wiki ya kwanza kabisa na mwandiko wa kuunganisha.

Barua ikafika katikati ya Machi. Iliteremshwa na lori, siku ambayo Driciru alikuwa ameitwa Arua kuchukua chaki na vitabu, na asingerudi kabla ya siku tatu. Rabia aliiweka juu ya meza akaizunguka. Akaosha vikombe, akairudia. Mwishowe akakaa kwenye kinu, akaipasua kwa kisu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Hamuza alisalimu. Alikuwa mzima. Sukari haipatikani Jinja, gari lake limebadilishwa. Rabia alisoma kwa sauti, polepole, akitabasamu peke yake kwa kusikia sauti ya mwanawe ikitoka katika mdomo wake. Akafika katikati ya ukurasa.

"Mwalimu Driciru, hapa kohoa kama siku zote," barua ilisema. "Medina sasa iko na miaka saba, Sule iko na sita. Kila siku nauliza mimi, habuba yetu iko wapi. Alphonsine, mama yao, nataka kuwaleta Dranya, lakini yeye ni Mkristo ya Kongo, na mama bado nasema ile mchumba ya Koboko. Mimi naogopa mama. Ngoja kidogo tena. Hapa umemaliza kohoa."

Rabia alirudi juu akasoma tena, kwa kuwa alidhani amekosea herufi. Hakukosea. Medina lilikuwa jina la mama yake. Sule lilikuwa jina la mumewe. Mwanawe alikuwa amewazaa upya wote wawili huko Jinja, na hakumwambia.

Kwanza alikasirika. Alikasirika hadi akapiga sufuria teke, ikamshinda. Alikumbuka vikohozi vyote vya miaka minne, kimoja kimoja, na tangawizi yote ile aliyochemsha kwa huruma. Kisha hasira ikaisha ghafla, ikabaki huzuni, kwa sababu aliona wazi kwamba mtoto hamfichi mama asiyeogopwa. Akalia, na safari hii hakusingizia moshi. Halafu, akiwa bado analia, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Alihesabu watoto. Kwa kidole. Mmoja. Wawili. Akaangalia kichanja.

Driciru aliporudi na sanduku la chaki, barua ilikuwa imefungwa vizuri kwa gundi ya unga wa muhogo kana kwamba haijaguswa. Rabia akamwekea kinu, akakaa kwenye gogo, tangawizi tayari. Driciru akasoma. Salamu, sukari, gari. Akafika katikati, akakohoa mara mbili.

"Mwalimu Driciru, hapa kohoa kama siku zote," Rabia akaendelea kwa utulivu, bila karatasi, maana alikuwa ameshaishika kwa moyo. "Medina sasa iko na miaka saba."

Driciru akaiweka barua magotini. Alishindwa kuinua macho.

"Habuba, mimi kila barua namwandikia, mwambie mama, mwambie mama. Yeye nasema ngoja. Na siri si yangu."

"Najua. Siri kwako hapana toka, ndiyo sababu nilikuletea barua." Rabia akamsogezea kikombe. "Kunywa. Leo umekohoa mara ya mwisho. Sasa lete karatasi. Mimi naandika mwenyewe."

Aliandika hadi jua likageuka, ulimi nje, akifuta na kuanza tena. Driciru hakuruhusiwa kugusa. Barua yenyewe ilikuwa fupi:

"Hamuza. Mkono hii ni yangu. Nimesoma yote, na ya kukohoa pia. Ile mchumba iliolewa zamani. Leta Medina na Sule na mama yao upesi, shule nahitaji wawili. Kila mtoto akuje na kikombe yake. Mama yako, Rabia, darasa ya tatu."

Walifika, mama na watoto, kwa kuwa Hamuza hakupewa likizo, siku mbili kabla ya inspekta, juu ya lori la chumvi, weupe kwa vumbi la chumvi. Alphonsine alikuwa mwembamba, ameshika watoto mkono huku na huku kama mtu anayetarajia kurudishwa. Akapiga magoti kusalimu. Rabia alimtazama kwa muda ambao Alphonsine baadaye alisema ulikuwa mrefu kuliko njia ya kutoka Jinja. Kisha akamwinua, akachukua vikombe viwili vya plastiki vilivyofungwa kwenye mzigo, chekundu na cheupe, akavichunguza ndani na nje.

"Hizi iko nzuri," akasema. "Nani Medina?"

Siku ya inspekta, saa nne, mstari ulipofika kwa Medina na Sule, Rabia alimmiminia kila mmoja upawa wake. Akachota tena, akamimina nusu kwa huyu na nusu kwa huyu. Mstari mzima ukageuza shingo. Candiru, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa na cheo chake kilikuwa kimepanda, alifungua mdomo, akamwona Habuba anavyofuta macho kwa mgongo wa mkono ulioshika upawa, akaufunga.

Adriko alihesabu kutoka kushoto kwa ncha ya kalamu. Mia na ishirini na moja. Aliandika, akapiga mstari, kisha akarudi nyuma kidogo na kutazama kile chekundu na kile cheupe vilivyokaa pamoja kando ya kile cha kijani.

"Hii mpya iko ya nani?"

"Ya wajukuu yangu, kutoka Jinja."

"Hongera, Habuba," akasema Adriko. "Sasa iko na wajukuu wangapi?"

Driciru, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko, akageuza uso. Rabia akavitazama vikombe, akawatazama watoto wanaokimbia uwanjani, akainua kidevu.

"Ni hawa unaona," akasema.